Mita Thelathini, Mbagala

Chupa sita za maji nimezijaza mchanga:
mbili pa kuanzia, mbili kwenye mita ya kumi,
mbili kule mwisho, karibu na ukuta wa shule
ulioandikwa kwa mkaa USIKOJOE HAPA.
Saa ya kubonyeza ni ya shemeji yangu.
Tarakimu yake ya mwisho ina kijiti kimekufa,
nane husomeka sifuri,
kwa hiyo kila sifuri naiuliza mara mbili.

Kumi na mbili kasorobo, Mbagala haijapiga mswaki.
Basi la kwanza la mwendokasi linakata Barabara ya Kilwa,
vijana wanalizomea: "Kocha, pima na hilo!"

Nawaambia kasi haikai miguuni peke yake.
Wanacheka. Mtaa umewalea ukiwaambia
mbio unazaliwa nazo, kama baka la shingoni.

Haya, mtazame Pazi, winga wetu wa kushoto.
Akishachanganya humwoni,
vumbi ndilo linabaki kutoa ushahidi.
Lakini zile mita kumi za mwanzo
huzikimbia kama mtu anayetafuta ufunguo gizani.
Na Mwinshehe, beki, mpakuzi wa saruji,
hapo hapo kwenye kumi humwacha Pazi amesimama,
kisha akifika ishirini anapauka, anageuka lori.

Hatua tatu za kwanza ni mapaja na makalio.
Ni kusukuma gari lililokufa betri:
kifua mbele, macho chini, udongo usiuonee huruma.
Baada ya hapo ardhi haitaki tena kusukumwa.
Inataka kuguswa na kuachwa,
kuguswa na kuachwa,
kama sufuria uliyoisahau jikoni.

Basi Pazi anachuchumaa na mfuko wa saruji mabegani
(Mwinshehe ameuazima dukani, mradi usipasuke)
na Mwinshehe anaruka kamba ya mdogo wake wa kike,
akihesabu kwa sauti, akiona haya.

Nyonga tunazinyoosha wote. Hapo sina mzaha.
Mimi paja langu la nyuma lilikatika uwanjani Temeke,
mlio wake kama kamba ya ndoo kisimani.
Nilikuwa nimetoka kazini nikikimbia,
sikupasha misuli, nilidhani ujana unatosha.
Mpira ulitoka nje wenyewe, polepole,
nami nimelala nikiutazama.

Aliyenishinda ni Hamdu.
Jumatatu: nne nukta tatu tano.
Alhamisi: nne nukta sita mbili.
Wiki tano hivyo hivyo, daftari halibadiliki.
Nilikagua viatu. Nilikagua mkono unavyopiga.
Nilimrusha wima ukutani, kaacha alama ya chaki
juu kuliko wote. Nikamwita mvivu,
mbele za watu, Mungu anisamehe.

Ni Mwinshehe aliyeninong'oneza, akifunga kamba za viatu:
Jumapili Hamdu hula kwa shangazi yake Kijichi.
Wali, samaki, anafungashiwa na wa kesho.
Kuanzia Jumanne, hapo ndipo pana maneno.

Nimechora safu mpya kwenye daftari,
kabla ya uzito, kabla ya mruko, kabla ya sekunde:
*Jana alikula nini?*
Kalamu ilikuwa nzito kuliko ule mfuko.

Jana, Jumatano, mke wangu kapika maharage ya timu nzima,
ili asijulikane ni nani tuliyempikia.
Leo Alhamisi Hamdu anainama kwenye chupa.
Nainua mkono. Naushusha.
Simwoni akianza, namwona tayari katikati,
kichwa kimetulia, visigino havilali chini,
kisha ukuta, kisha kidole changu.

Nne nukta tatu sifuri.

Au nane.
Naitikisa saa, naigeuzia jua linalochomoza.
"Rudia," namwambia, "hii siiamini."
Anapumua, mikono magotini, anacheka:
"Narudia, kocha. Yale maharage yalibaki?"